Mbunge akiondoka kabla ya muhula kwisha, nani anaingia?

Bunge letu huchaguliwa kwa miaka mitano, lakini wanaomaliza si wote walioanza. Mbunge anaweza kufariki au kujiuzulu. Pia, kwa Ibara ya 71 ya Katiba, akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza ubunge.

Kiti cha jimbo kikiwa wazi, wananchi hupiga kura katika uchaguzi mdogo. Lakini ikiwa imebaki miezi 12 au pungufu kabla ya Bunge kuvunjwa, uchaguzi haufanyiki, na jimbo hukaa bila mbunge.

Viti maalumu ni tofauti: hatupigi kura, Tume ya Uchaguzi huchukua jina kwenye orodha ya chama. Mwaka 2017, katika mgogoro wa uongozi, CUF iliwafukuza wabunge wanane wa viti maalumu. Tume ikateua wengine wanane, akiwemo Shamsia Mtamba. Mwaka 2020 Mtamba aligombea Mtwara Vijijini, akashinda.

Mtu ni yuleyule, ila viti ni viwili tofauti. Cha kwanza kilijazwa kwa orodha ya chama. Hiki cha pili kikiwa wazi, wanaoitwa tena vituoni ni wapiga kura wa Msimbati na Mahurunga na wenzao jimboni.