Jua na Sayari Ndani ya Giaboksi

Fundi akiifungua giaboksi ya gari la otomatiki, aghalabu hukuta gurudumu dogo la meno lililokaa katikati, na kandokando yake mengine matatu au manne yaliyoshikwa na kibebeo kimoja, yakijizungusha na huku yakilizunguka lile la kati, na yote yamezingirwa na pete ambayo meno yake yameelekea ndani. Hizo ndizo gia za sayari. Lile la kati huitwa jua.

Jina hilo lilitokea Uingereza katika zama za mashine za mvuke. James Watt alitaka mwendo wa pistoni, wa kupanda na kushuka, ugeuke mzunguko wa kuendeshea viwanda, na njia nyepesi ilikuwa krenki. Lakini James Pickard alikwisha kuichukulia hataza mwaka 1780, na Watt, ili kuikwepa hataza hiyo, mwaka 1781 akajipatia hataza ya magurudumu mawili, jua na sayari, moja likilizunguka jingine, ambayo kwa kauli ya wengi ilikuwa fikra ya William Murdoch, aliyekuwa mfanyakazi wake.

Wahandisi wana jina la pili, gia za episaikliki, litokanalo na Kiyunani, yaani duara juu ya duara. Batlimusi wa Iskandaria, katika karne ya pili, akitaka kueleza kwa nini Mirihi huonekana ikisita na kurudi nyuma, alisema kuwa sayari huzunguka katika duara dogo ambalo kitovu chake chachukuliwa na duara kubwa liizungukalo ardhi. Na wanafalaki wa Kiarabu, waliokiita kitabu chake al-Majisti, wakaliita duara hilo dogo falaki ya tadwiri. Basi chombo kimoja kimebeba mbingu mbili zisizopatana: katika jina la Watt kinachozungukwa ni jua, kama alivyoandika mwanafalaki Copernicus mwaka 1543, na katika jina la pili ni ardhi.

Meno ya gia hayana habari na ugomvi huo. Jua likiwa na meno 20 na pete 60, kisha pete ikazuiliwa, jua litazunguka mara 4 ndipo kibebeo kizunguke mara 1, nacho kitazunguka polepole lakini kwa nguvu. Kikizuiliwa kibebeo, pete huzunguka kinyume, na hiyo ndiyo rivasi. Haihitajiki kulitoa jino moja kwenye jingine, ila kufunga na kufungua tu, na kwa sababu hiyo dereva wa Ford Model T, gari lililotoka mwaka 1908 likiwa na gia mbili za mbele na moja ya nyuma, alizibadili kwa kukanyaga pedali.