MASHUA YA KUVULIA SANGARA: TAZAMA KILICHO CHINI YA RANGI

Mtu aliyepokea kiinua mgongo chake, akaazimia kununua mashua ya injini ili awakodishie wageni wapendao kuvua sangara kwa ufito na mshipi, anakabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni kupoteza fedha zake zote kwa siku moja. Ya pili ni kupoteza watu. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe ilipinduka katika Ziwa Victoria, upande wa Mukono nchini Uganda, na watu zaidi ya 30 wakafa. Polisi walieleza kwamba chombo kile kilikuwa kibovu na kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi. Haikuwa mashua ya uvuvi, lakini maji ni yale yale, na dhoruba za ziwa lile hazichagui chombo. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu namna ya kukipima chombo cha aina hii kabla hawajatoa hata shilingi moja ya arubuni.

Mashua za uvuvi wa mchezo kama tuzijuavyo leo zilipata umbo lake huko Florida, Marekani. Mwaka 1947, mjini West Palm Beach, karakana ya jamaa ya Rybovich ilishusha majini Miss Chevy II, ambayo mafundi wengi huihesabu kuwa mama wa mashua hizi zote. Ilikuwa ya mbao. Mwaka 1960 Willis Slane wa North Carolina alitoa Hatteras ya kwanza, chombo cha futi 41 kilichochorwa na Jack Hargrave na kujengwa kwa faibaglasi, wakati ambapo wengi walidhani kwamba faibaglasi ni ya vidau tu. Mwaka huo huo Dick Bertram alishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Mashua yake, Moppie, ilichorwa na Ray Hunt, na tumbo lake lilikuwa na umbo la V kali lililoendelea tangu omo hadi tezi. Kutokana na Moppie ikazaliwa Bertram 31, na nyingi za jamii hiyo zingali zikivua mpaka leo.

Tumetaja habari hizo kwa kusudi. Mnunuzi wa kwetu huuliza kwanza, “Chombo hiki ni cha mwaka gani?” Swali hilo si baya, ila si la kwanza. Chombo cha miaka 40 kilichojengwa kwa unene na kutunzwa vema chaweza kuwa na thamani kuliko cha miaka 8 kilichojengwa kwa haraka. Swali la kwanza liwe umbo na ujenzi. Tumbo bapa huenda kwa mafuta kidogo na hutulia linaposimama, lakini hupiga mawimbi kama kofi. Tumbo la V kali hukata mawimbi, ila huyumba zaidi likisimama, na hudai nguvu zaidi ya injini. Katika ziwa letu, ambako mawimbi ni mafupi na yamesongamana, sisi twapendelea V, hata kama si kali kama ile ya Moppie.

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe. Sisi tuliopita katika shule ya makadeti twajua jinsi kitanda kinavyotandikwa siku ya ukaguzi hata shuka ikanyooka kama karatasi, na twajua pia kilichosukumwa chini ya kitanda hicho. Mashua inayouzwa imetandikwa namna hiyo. Rangi mpya, mito mipya, vyuma vinang'aa. Mnunuzi asisimame pale. Chombo na kipandishwe nchi kavu, kisha asimame kwenye tezi asubuhi jua likiwa chini, autazame ubavu kwa urefu wake. Mwanga ukiteleza bila kukunjika, hiyo ni dalili njema. Akiona mawimbi, au michoro ya mataruma ikijitokeza kwa nje, ajue kwamba ngozi ni nyembamba au kwamba pale pamewahi kugongwa na kuzibwa.

Kisha achukue nyundo ndogo ya plastiki, apige sitaha na ubavu taratibu, shubiri kwa shubiri. Mahali pazima hutoa sauti kavu na kali. Mahali palipooza hutoa sauti nzito, kama tikiti lililoiva mno. Sababu yake ni hii: sitaha nyingi zimejengwa kama mkate wenye siagi katikati, tabaka mbili za faibaglasi, na kati yake mti mwepesi wa balsa, au plaiwudi, au povu gumu. Skrubu moja iliyotiwa bila kuzibwa vema hupitisha maji, na maji yakiingia katika balsa hayatoki. Huko Marekani wenye Boston Whaler, mashua iliyojazwa povu katikati, waliikata moja kwa msumeno mwaka 1961 mbele ya wapiga picha wa jarida la Life, vipande vikaendelea kuelea. Muuzaji wako hatakuruhusu kukata chake. Nyundo itakutosha, pamoja na kipimo cha unyevu ikiwa mkaguzi anacho.

Tumbo lililo chini ya maji lina ugonjwa wake. Maji hupenya polepole katika ngozi ya nje ya faibaglasi, yakachanganyika na kemikali zilizobaki ndani, yakafanya malengelenge. Ukilitoboa lengelenge, hutoka maji yenye harufu kama ya siki. Machache si msiba. Mamia ni msiba, kwa kuwa dawa yake ni kuchuna ngozi yote, kukausha chombo kwa muda mrefu na kukivika upya. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji baridi yasiyo na chumvi, tena yenye uvuguvugu, huleta malengelenge upesi kuliko maji ya bahari. Kwa hiyo anayenunua chombo kilichotumika Malindi, Watamu au Shimoni, ambako uvuvi wa nduwaro kwa mchezo ni kazi ya miaka mingi, asidhani kwamba ziwa litakihurumia kwa vile halina chumvi. Chuma kitapumzika, ngozi haitapumzika.

Baada ya hapo, vifuniko vyote na vifunguliwe. Mnunuzi alale kifudifudi na tochi yake, wala asione haya kuchafua shati. Mihimili ya chini, inayobeba injini, mara nyingi ni mbao iliyofunikwa faibaglasi. Aichome kwa ncha ya bisibisi palipo na tundu au ufa, aone kama maji yanatoka au mbao inabonyea. Atazame pale sitaha inapoungana na ubavu: bolti zilizopita hadi upande wa pili ni bora kuliko skrubu, na skrubu zenyewe ni bora kuliko ribiti. Chini ya kila kishikio cha kamba pawe na bamba lililotawanya nguvu, wala si nati tupu iliyokaa juu ya faibaglasi. Vali za chini ya maji ziwe za shaba nyeusi. Za shaba ya njano hupoteza zinki yake, zikageuka rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti, na tundu likabaki wazi chini ya mstari wa maji. Ikiwa injini ni za kutundika, aipandishe injini juu, aikalie kwa uzito wake wote huku mwenzake akitazama ubao wa tezi. Ukicheza, umeoza.

Vifaa vya uvuvi navyo si pambo. Mwaka 1953, huko Cabo Blanco nchini Peru, Alfred Glassell alipata nduwaro mweusi wa kilo 707 kwa ufito. Sangara hafikii hapo, lakini wamewahi kuvuliwa kwa ufito waliozidi kilo 100. Kiti cha kupigania samaki kilichofungwa kwa skrubu nne juu ya sitaha tupu kitang'oka pamoja na mgeni aliyekikalia. Sitaha ya tezi imwage maji yenyewe kwa matundu makubwa. Tumimine ndoo kumi tuone yanakwenda wapi.

Injini ndiyo inayokula fedha. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uiguse kwa mkono; ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Ya dizeli iliyo nzima huwaka upesi hata ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mzigo mkubwa au hewa haba. Moshi mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au maji. Viungo vya bomba la moshi vinavyopozwa kwa maji ya bahari huliwa na chumvi kwa ndani, usivione kwa nje. Fungua mpira, uchungulie.

Tena kuna hesabu ya kimo. Ziwa Victoria lipo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hewa nyepesi ya huku, injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Chombo kilichofikisha mizunguko yote iliyoandikwa na kiwanda pale Shimoni kitashindwa kuifikisha Entebbe, mpaka rafadha ibadilishwe kwa yenye mkato mdogo zaidi. Tumeona watu wakilaumu fundi, wakalaumu mafuta, kumbe ni hewa.

Kuhusu bei, shauri letu ni hili. Usianze na bei ya muuzaji ukaipunguza kwa maneno ya sokoni. Andika gharama ya kila kasoro uliyoiona, usafirishaji hadi ziwani, ushuru na rafadha mpya, kisha uondoe jumla hiyo katika bei ya chombo kizima cha aina ile ile. Ikiwa injini mbili zinakaribia kuisha, pengine utakuta kwamba mashua yenyewe ingetolewa bure bado ingekuwa ghali. Mkaguzi alipwe na wewe, wala si yule aliyeletwa na muuzaji, hata akiwa mpole kiasi gani. Arubuni itolewe kwa maandishi yasemayo kwamba itarudishwa iwapo ukaguzi au jaribio la majini litaonyesha kasoro kubwa.

Jaribio lenyewe lifanywe matangi yakiwa yamejaa, na watu idadi ile utakayopakia, kwa muda usiopungua saa moja, na dakika kadhaa kwa kasi yote. Likiisha, ombeni chombo kilale majini usiku mzima, pampu ikiwa imezimwa na ngama imekaushwa kwa kitambaa. Alfajiri mfunue kifuniko na kutazama.