Je, Wajua Usaha Ni Nini?

Katika yote anayokutana nayo mwanafunzi wa utabibu anapoanza elimu ya maradhi, hakuna kinachodharauliwa upesi kama usaha, ule ute mzito wa manjano utokao katika jipu lililoiva. Nao, kwa hakika, wastahili kutazamwa kwa adabu, kwani sehemu yake kubwa si taka iliyoingia mwilini kutoka nje, bali ni maiti za chembe nyeupe za damu, zilizofia palepale zilipokuwa zikiuhami mwili.

Tangu karne ya kwanza, Mrumi Celsus alikwisha kuziandika dalili nne za uvimbe, yaani wekundu, kufura, joto na maumivu. Lakini asili ya usaha ilibaki fumbo hata mwaka 1867, Julius Cohnheim alipouweka utando wa chura aliye hai chini ya hadubini. Aliona mishipa myembamba ikitanuka, damu ikipunguza mwendo, na chembe nyeupe zikijibandika ukutani mwa mshipa, kisha kila moja ikijiminya na kupenya, kwanza ncha ndogo tu upande wa nje, halafu nusu ya mwili, halafu mwili mzima. Ustadhi wake, Rudolf Virchow, alikuwa akifundisha kwamba chembe za usaha huzaliwa papo hapo penye jeraha. Mwanafunzi akathibitisha kwa macho kuwa zatoka katika damu. Miaka 15 baadaye, huko Messina, Elie Metchnikoff alichoma miiba katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hupitisha nuru, na kulipokucha akaikuta miiba imezingirwa na chembe zenye kutembea.

Chembe hizo kwetu sisi wanadamu nyingi ni za jinsi moja, yenye kiini kilichogawanyika mapande matatu au manne yaliyoungwa kwa nyuzi. Uboho wa mifupa hutengeneza kiasi cha bilioni 100 kila siku, maana umri wake ni mfupi mno. Ikifika penye vijidudu, huvimeza na kuviunguza kwa sumu iliyohifadhi tumboni mwake. Na kimeng'enya kimoja kinachosaidia kazi hiyo kina rangi ya kijani, ndiyo maana usaha wa siku kadhaa huelekea rangi hiyo. Sumu hiyo, ole wetu, haichagui, huyeyusha na nyama iliyo jirani, na hapo ndipo jipu lipatapo shimo lake.

Mgonjwa ambaye chembe hizi zimempungukia sana, kama wengi watumiao dawa kali za saratani, aweza kushambuliwa na vijidudu hadi kukaribia mauti pasipo kutoa usaha wowote. Tabibu wake hangoji jipu. Homa peke yake yamtosha kuanza dawa saa ileile.