Ada za Jamaa wa Debian katika Kuipokea Prosesa Ngeni

Jamaa wa Debian, waundaji wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta wenye jina hilo, waliokusanyika kwa mwito wa Ian Murdock mwaka 1993 na ambao wametawanyika duniani bila ya mji mmoja wa kukaa, wana ada nyingi, kama vile kuonyeshana pasipoti ana kwa ana kabla ya kutiliana sahihi funguo zao za kielektroniki. Lakini ada inayodhihirisha tabia yao kuliko zote, kwa maoni yangu, ni namna wanavyoipokea prosesa mpya.

Prosesa ngeni haiingii kwa jaha ya kampuni iliyoiunda. Sharti lake ni kujijenga yenyewe, na hapo ndipo penye uzito, maana kompaila, ambayo huyageuza maandishi ya waandishi wa programu kuwa amri zinazofahamika na mashine, nayo ni programu ihitajiyo kompaila ya kuijenga. Basi mashine ya zamani hutakiwa itoe kompaila ya kwanza na maktaba za awali, kisha ile ngeni huachiwa ijijenge upya, kifurushi cha programu baada ya kifurushi, hata isimtegemee tena mlezi wake. RISC-V, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 2010, ilikaa miaka kadhaa katika Debian Ports, hifadhi ya prosesa zisizo rasmi, mfano wa mgeni anayepokewa kwanza barazani, hata ikakubaliwa rasmi Julai 2023. Na baada ya idhini hiyo vifurushi vyake vikajengwa tena katika mashine zilizo chini ya amana ya jumuiya yenyewe, ndipo ikatoka pamoja na toleo la 13 mwezi wa Agosti 2025.

Taabu kubwa imo katika mambo madogo. Baiti ambayo lugha ya C huiita char, katika prosesa za Intel huhesabu toka -128 hadi 127, ilhali katika RISC-V huhesabu toka 0 hadi 255. Aliyeitia humo -1 iwe alama ya kukoma kusoma faili, akaona programu yake yaenda salama miaka mingi, katika mashine ngeni -1 yake hugeuka 255, na kitanzi hakikomi abadan. Ada yataka mwenye kuigundua ila hiyo asiitibu kwa siri, bali ampelekee mwenye programu rekebisho lililokwisha kujaribiwa, pamoja na kumbukumbu za ujenzi ulioshindikana, ili nafuu iwafikie hata wasiokuwa wa Debian. Naistahi mno ada hii, kwani wengi wa wanaoifuata hawalipwi kwayo hata senti.

Prosesa ikizeeka, nayo ina haki zake. M68k ya Motorola, mojawapo ya mbili zilizotoka na toleo la 2.0 mwaka 1998, haikuwamo katika toleo la mwaka 2007. Lakini wapenzi wake waliihamishia Debian Ports, na huko wangali wakiijengea vifurushi vipya kwa ajili ya kompyuta kongwe za Amiga na Atari.