Kazi Inapokoma: Jinsi ya Kulinda Haki Yako, Fedha Yako na Siku Yako

Mtu anapopoteza kazi, jambo la kwanza analoliona ni mshahara uliokatika. Lakini pamoja na mshahara huondoka mambo mengine ambayo hayaandikwi kwenye hati ya malipo: saa ya kuamka, wenzake wa njiani, jina analoitwa mtaani kwa sababu ya kazi yake, na jibu la swali dogo aulizwalo kila jioni, "Umeshindaje leo?" Makala haya yanamweleza mwananchi aliye kati ya kazi moja na nyingine mambo matatu: haki anazopaswa kuzidai mapema, namna ya kuilinda fedha kidogo iliyobaki, na namna ya kuijenga upya siku iliyobomoka. Mfano wetu ni Kata ya Kwamndolwa, katika Halmashauri ya Mji wa Korogwe, lakini maelezo yanamfaa mfanyakazi wa mahali popote nchini.

Eneo linaloijua habari hii

Watu wa Korogwe hawahitaji kufundishwa maana ya ajira kukoma. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea katika bonde la Mto Pangani na kando ya reli ya Tanga. Vibarua walitoka mbali, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, na siku zao za kazi zikahesabiwa kwenye kipande. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, uendeshaji wa mashamba ukadhoofika, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki takriban sehemu moja ya kumi. Korona nyingi zilinyamaza, na pamoja nazo king'ora kilichokuwa kikiwaamsha watu wa makambini.

Hata leo, ambapo mkonge unafufuliwa na wakulima wadogo wanapeleka majani yao kwenye korona, kazi nyingi za ukanda huu ni za msimu au za mkataba mfupi. Kukoma kwa ajira, basi, si fedheha ya mtu mmoja aliyeshindwa. Ni jambo linaloweza kumfikia mfanyakazi hodari kabisa, na kwa hiyo linafaa kuandaliwa kama tunavyojiandaa kwa kiangazi.

Kinachopotea pamoja na mshahara

Mwaka 1933 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walichapisha utafiti kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria ambacho karibu watu wake wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo kilichofungwa. Mtu angedhani kwamba wasio na kazi wangetumia muda wao mwingi kusoma na kushiriki mambo ya kijiji. Ikawa kinyume. Uazimaji wa vitabu katika maktaba ulipungua. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama mara kwa mara, na wengi hawakuweza kueleza walichofanya tangu asubuhi hadi mchana. Wanawake, ambao kazi za nyumbani zilikuwa bado zinawasubiri, hawakuipoteza siku kwa kiasi hicho.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba, mbali na ujira, kazi humpa mtu vitu vitano: mpangilio wa muda, kukutana na watu walio nje ya familia yake, kushiriki lengo lililo kubwa kuliko yeye mwenyewe, hadhi, na shughuli ya kila siku. Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mshahara unaweza kuchelewa kurudi, kwa kuwa hautegemei juhudi yako peke yake. Vile vitano, kwa sehemu kubwa, unaweza kuanza kuvijenga wiki hii.

Siku 30 za kwanza: usiache haki ipite

Huzuni humfanya mtu akae ndani, ilhali sheria inahesabu siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki zifuatazo ajira yake inaposimamishwa.

Kwanza, taarifa. Anayelipwa kwa mwezi anastahili taarifa isiyopungua siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Na aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini, siku 7. Mwajiri asiyetaka kungoja muda huo hulipa fedha badala ya taarifa. Ikiwa sababu ni kupunguza wafanyakazi, mwajiri anatakiwa pia kutoa taarifa ya kusudio hilo, kueleza sababu zake na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kabla ya uamuzi kutekelezwa.

Pili, malipo. Dai ujira wa siku ulizofanya kazi na malipo ya likizo ambayo hukuichukua. Mfanyakazi aliyetumika mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, na ambaye mwajiri ndiye aliyesitisha ajira yake, hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati malipo haya. Tuchukue mfano wa fundi aliyefanya kazi miaka 12 kwa mshahara wa msingi wa shilingi 208,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Ujira wake wa siku ni takriban shilingi 8,000. Miaka inayohesabiwa ni 10, yaani siku 70. Kiinua mgongo chake ni takriban shilingi 560,000.

Tatu, cheti cha utumishi. Mwajiri anatakiwa kukupa. Kitunze vizuri, kwa maana ndicho kitakachokusemea mbele ya mwajiri mwingine.

Nne, nauli. Ikiwa uliajiriwa sehemu nyingine ukaletwa kufanya kazi hapa, mwajiri ana wajibu wa kukusafirisha pamoja na mizigo yako hadi ulikoajiriwa, au kukulipa gharama za safari. Kwa wanaoishi katika nyumba za kambi jambo hili lina uzito wa pekee, maana siku ajira inapokoma na paa huwa mashakani. Omba kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kukaa katika nyumba, wala usitegemee ahadi ya mdomo.

Ukiamini kwamba umeachishwa isivyo halali, peleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Madai mengine ya kazi, kama vile mshahara usiolipwa, hupelekwa ndani ya siku 60. Aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, lakini ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya unabaki kuwa haki yake. Tume huanza kwa usuluhishi, na shauri likishindwa kusuluhishwa huendelea kwenye uamuzi. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya msingi, na ombi hilo linaweza kukataliwa. Usisaini karatasi yoyote inayosema umelipwa haki zako zote kabla hujaisoma au kusomewa na mtu unayemwamini.

Fedha iliyobaki

Fika ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii uombe taarifa ya michango yako. Mwanachama aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hajafikisha miaka 55 na hajapata kazi nyingine, anaweza kuomba fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi moja ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi sita. Ukigundua kwamba michango ilikatwa kwenye mshahara lakini haikufika mfukoni, lalamika siku hiyo hiyo.

Waeleze wa nyumbani ukweli tangu siku ya kwanza. Wapo wanaoaga kila asubuhi kana kwamba wanakwenda kazini, wakashinda stendi hadi jua kuzama. Siri ya namna hiyo hula nauli, hula chakula cha mchana, na mwisho hula amani ya nyumba. Kaeni pamoja, mwandike matumizi ya mwezi, kisha mtenganishe yasiyoepukika, kama unga, maji, kodi na mahitaji ya shule, na yale yanayoweza kungoja. Kiinua mgongo kisitumike kabla hesabu hiyo haijakamilika.

Jihadharini na mikopo ya kausha damu. Anayekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, akawa analipa riba peke yake, baada ya miezi mitatu atakuwa ametoa shilingi 90,000 na bado anadaiwa 100,000 zile zile. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopeshaji halali ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mwombe akuonyeshe. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Usimwachie mkopeshaji kadi yako ya benki wala namba yako ya siri, hata kama masharti mengine yanapendeza.

Jihadharini pia na wauza ajira. Mtu anayedai fedha za "fomu" au za "kukuunganisha" ili upate kazi mjini au ng'ambo, tena kwa haraka na kwa namba binafsi ya simu, mara nyingi hana kazi ya kutoa. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa kusajiliwa na Serikali. Muulize usajili wake, kisha mwulize Afisa Kazi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kuijenga siku upya

Sasa turudi kwenye vile vitu vitano, kwa kuwa bila hivyo hata mwenye akiba hudhoofika.

Muda. Amka saa ile ile uliyokuwa ukiamka. Gawa siku katika sehemu tatu: asubuhi ni ya shamba au kibarua, mchana ni wa kutafuta kazi au kujifunza, na jioni ni ya familia. Andika usiku utakachofanya kesho, japo ni mambo mawili tu. Ukanda huu una vuli na masika. Ukipata hata kipande cha ardhi cha kuazima, mahindi, maharage au mchicha vitakupa chakula na pia sababu ya kuamka.

Watu. Usijitenge kwa aibu. Nenda sokoni, msibani, msikitini au kanisani, kwenye mkutano wa mtaa. Habari za kazi husafiri kwa midomo kuliko kwa matangazo, na asiyeonekana hakumbukwi.

Lengo la pamoja. Jiunge na jambo linalohitaji mikono yako: kikundi cha kuweka akiba, kamati ya shule, usafi wa chanzo cha maji. Huko hutalipwa, lakini utangojewa, na kungojewa ni dawa kwa mtu anayejiona hana faida.

Hadhi. Ujuzi hauondoki na ajira. Aliyejifunza kutengeneza mitambo, kuchomelea au kujenga akiwa kazini, bila kupitia chuo, anaweza kuomba VETA impime na kuutambua ujuzi wake kwa cheti. Karatasi hiyo humbadilisha "kibarua wa zamani" kuwa fundi anayetambulika hata nje ya Korogwe.

Shughuli. Pokea kazi ndogo bila kudharau, ilimradi ni halali na malipo yake yamekubaliwa kabla hujaanza. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wenye wazo la biashara, wakiwa katika vikundi vya wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, wanaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii kuhusu mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kumbukeni kwamba mkopo huo si ruzuku. Hurejeshwa, na kikundi kizima huwajibika.

Huzuni inapozidi

Kukosa usingizi kwa siku chache, hasira na aibu ni mambo ya kawaida baada ya kupoteza kazi. Lakini mtu akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, akakimbilia pombe, au akaanza kusema kwamba ingekuwa heri asingekuwepo, asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo na aeleze yote bila kuficha. Huo ni ugonjwa unaotibika kama mwingine. Jirani au ndugu anayeona dalili hizo asingoje kuombwa.

Kwa kifupi

Ndugu msomaji, katika wiki ya kwanza fanya mambo manne: waambie wa nyumbani; kusanya mkataba, hati za malipo na cheti cha utumishi mahali pamoja; weka alama kwenye kalenda siku ya 30 tangu ajira ilipokoma; na panga saa ya kuamka kesho. Mambo hayo hayatarudisha kazi iliyokwenda, lakini yatakukuta umesimama kazi nyingine itakapokuja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.