Kutengeneza, Kuhifadhi na Kurejesha: Kazi ya Kufufua Gari Dogo la Kale

Utangulizi

Neno ukarabati limezoeleka sana nchini mwetu. Barabara hukarabatiwa, madarasa hukarabatiwa, na gari lililogonga nguzo likipelekwa kwa fundi husemwa kwamba limekwenda kukarabatiwa. Neno lenyewe halina ila. Ila hutokea linapotwikwa kazi ambazo hazifanani. Fundi anayebadilisha plagi ili gari liwake, fundi anayelitunza gari la mwaka 1928 jinsi lilivyo pamoja na mikwaruzo yake, na fundi anayelirudishia gari hilo sura liliyokuwa nayo siku lilipotoka kiwandani, hawafanyi kazi moja.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi magari madogo yaliyoundwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia yanavyofufuliwa. Aidha, yanadhamiria kuonyesha kwamba ugumu mkubwa wa kazi hiyo haumo katika spana na nyundo, bali katika kuamua kipi kiguswe na kipi kiachwe. Ili mjadala wetu usielee hewani, tutatumia mfano wa gari moja, nalo ni Austin Seven la Uingereza.

Historia fupi ya Austin Seven

Mnamo mwaka 1921 kampuni ya Herbert Austin ilikuwa imelemewa na madeni. Waingereza wengi wa kipato cha kadiri hawakumudu gari. Waliomudu kitu walinunua pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakapanda mke na watoto humo, mvua ikinyesha wote wakalowa. Austin aliona kwamba familia hizo zilihitaji gari halisi lililopunguzwa vipimo. Alilibuni nyumbani kwake akisaidiwa na kijana mchora ramani aliyeitwa Stanley Edge, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 18 tu.

Gari hilo lilizinduliwa mwaka 1922, na hadi lilipokoma kuundwa mwaka 1939, magari yapatayo 290,000 yalikuwa yametoka katika kiwanda cha Longbridge, Birmingham. Magari ya mwanzo yalikuwa na uzito wa kilo 360 hivi. Injini yake ya silinda nne ilikuwa na ujazo wa sentimita 747 tu baada ya toleo la kwanza, lililokuwa dogo zaidi. Sifa zake zilivuka mipaka. Kampuni ya Dixi ya Ujerumani ililiunda kwa leseni kuanzia mwaka 1927, na BMW ilipoinunua Dixi mwaka 1928, ikaingia katika biashara ya magari kwa mlango huo. Rosengart wa Ufaransa naye alifanya vivyo hivyo, na huko Marekani nako likaundwa.

Wingi huo ndio uliolifanya Austin Seven kuwa shule ya mafundi. Liliuzwa kwa watu wasio na dereva wala fundi wa kuajiri, hivyo sehemu zake nyingi zinaweza kufunguliwa na mtu mmoja mwenye zana za kawaida. Hata hivyo, wepesi wa kufungua si wepesi wa kufufua.

Hatua ya kwanza: kusoma kabla ya kufungua

Mhariri anayeshika mswada wa kale wa utenzi haanzi kwa kusahihisha. Kwanza huusoma wote, hutambua mwandiko, hutofautisha wino wa mnakili na wino wa aliyeongeza maneno pambizoni. Fundi wa gari la kale hana budi kufanya vivyo hivyo.

Kabla nati haijalegezwa, gari hupigwa picha kila upande. Nambari zilizogongwa kwenye chesisi na kwenye injini hunakiliwa na kulinganishwa na hati za gari, kwa kuwa katika kipindi cha miaka tisini au zaidi injini nyingi zimehamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Tabaka za rangi huchunguzwa mahali pasipofikiwa na jua, kama vile chini ya viti au nyuma ya dashibodi, ili rangi ya kwanza ijulikane. Kila kinachotolewa hufungwa kibandiko chenye jina na mahali kilipotoka. Hata kipande cha mbao kilichooza hakitupwi, kwani ndicho kielelezo cha kuchongea kipya.

Katika hatua hii pia afya ya fundi huwa hatarini. Vipande vya kusugua vya breki na klachi za zamani, pamoja na baadhi ya gasketi, vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Vumbi la ngoma za breki halipulizwi kwa hewa. Hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa ambacho hutupwa kwa uangalifu. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo hazipigwi msasa mkavu bila kinga ya pua.

Chesisi na breki

Chesisi ya Austin Seven ina umbo la herufi A. Vyuma viwili hukutana mbele na kuachana kuelekea nyuma, na havifiki kwenye ekseli ya nyuma. Springi fupi zimechomekwa katika ncha zake, nazo ndizo zinazobeba ekseli hiyo. Mbele kuna springi moja tu iliyolala kutoka upande mmoja hadi wa pili. Umbo hili ni jepesi, lakini lina maradhi yake: vyuma hupinda, na kutu hula pale springi zinapochomekwa. Fundi hupima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe. Iwapo vipimo viwili vya mshazari havilingani, chesisi imepinda, na hakuna rangi itakayolificha kosa hilo gari litakapotembea. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika gari, ufa usiozibwa huua.

Breki huvutwa kwa kebo na vyuma. Katika magari ya mwanzo kanyagio lilishika magurudumu ya nyuma, na breki ya mkono ikashika ya mbele. Mifumo hiyo miwili iliunganishwa mwaka 1930. Wengi husema kwamba breki za gari hili ni dhaifu kwa asili. Usemi huo una ukweli, lakini mara nyingi udhaifu huongezwa na pini zilizolika, ngoma zilizopoteza umviringo na kebo zisizovuta sawasawa. Fundi akiondoa ulegevu wa kila kiungo, gari husimama kwa kadiri ya usanifu wake. Dereva naye sharti ajifunze kuacha nafasi kubwa mbele yake.

Injini

Moyo wa gari hili unahitaji subira kuliko kiungo kingine chochote. Katika injini ya kawaida ya siku hizi, mafuta husukumwa kwa nguvu hadi ndani ya kila beringi. Katika Austin Seven nyingi, pampu husukuma mafuta kwa shinikizo dogo hadi kwenye vitundu viwili vyembamba, ambavyo huyarusha kwenye krenkishafti inapozunguka. Mzunguko huo ndio unaoyapeleka hadi kwenye konrodi. Fundi aliyezoea magari ya kisasa akiona shinikizo dogo hudhani kwamba pampu imekufa, kumbe ndivyo ilivyokusudiwa. Hatari ya kweli ni uchafu. Kitundu kimoja kikizibwa na taka, konrodi hukosa mafuta, na metali laini iliyomo ndani yake huyeyuka. Kwa hiyo, njia zote za mafuta huzibuliwa na kuoshwa kabla injini haijafungwa.

Metali hiyo laini ni mchanganyiko wa madini ya bati pamoja na antimoni na shaba kidogo. Huyeyushwa, humiminwa katika konrodi, kisha huchongwa hadi ilingane na krenkishafti kwa nafasi nyembamba mno. Wanaoijua kazi hii wamepungua, na hapa ndipo suala la kurithisha ujuzi linapokuwa zito.

Krenkishafti yenyewe ilishikiliwa na beringi mbili tu, mbele na nyuma, hadi mwaka 1936 ilipoongezwa ya tatu katikati. Chuma chembamba kinachoshikwa ncha mbili hupepesuka kinapozungushwa kwa kasi, na baada ya miaka mingi huota nyufa zisizoonekana kwa macho. Fundi mwangalifu huipeleka ikapimwe kwa sumaku na unga wa chuma, ambao hukusanyika penye ufa. Ikiwa na ufa haitumiki tena, hata kama ni ya asili. Siku hizi krenkishafti mpya za chuma imara zaidi huundwa Uingereza kwa ajili ya magari haya.

Maji ya kupoza injini hayana pampu. Yakipata joto hupanda juu na kuingia katika rejeta, yakipoa hushuka na kurudi. Utaratibu huu ni mzuri mradi njia ziwe wazi. Tope la kutu likiachwa ndani ya bloku, gari huchemka kwenye kila mlima.

Kuhusu petroli, kukomeshwa kwa petroli yenye risasi, nchini Uingereza mwaka 2000 na kwetu mwishoni mwa mwaka 2005, hakukuzidhuru sana injini hizi, kwani hazikandamizi petroli kwa nguvu. Tatizo la sasa ni ethanoli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini Uingereza inaweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo hulainisha mipira ya zamani na kuvuta unyevu unaoleta kutu. Mipira ya njia ya petroli hubadilishwa kwa ile inayostahimili ethanoli.

Bodi

Mabodi mengi ya magari haya, hasa ya miaka ya 1920, yalijengwa kwa kiunzi cha mbao za mti wa Ulaya uitwao eshi, kisha yakavishwa karatasi za alumini au za chuma. Hivyo, anayefufua bodi ni seremala kabla ya kuwa mfua bati. Mbao huoza kutoka chini, maji ya mvua yanapokusanyika. Seremala mzuri hakati kiunzi chote. Hukata sehemu iliyooza, akaunganisha mbao mpya na ya zamani kwa kiungo cha mshazari, hata uzima ukabaki mwingi kuliko upya.

Kipi kiguswe, kipi kiachwe?

Sasa tumefikia kiini cha mjadala. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la vyama vya magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Turin, unaoongoza utunzaji wa magari haya kwa misingi inayofanana na ile ya majengo ya kihistoria. Msimamo wake mkuu ni kwamba kuhifadhi kutangulie kurejesha, na kila kilichobadilishwa kiwekewe kumbukumbu.

Msimamo huo una sababu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Austin Seven kuukuu ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Vijana walizivua mabodi na kuzifanya magari ya mashindano. Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, alianza hivyo mwaka 1948 kwa kutumia Austin Seven ya mwaka 1928. Je, gari la namna hiyo likipatikana leo, lirejeshwe katika sura ya mwaka 1928? Kufanya hivyo ni kuifuta historia iliyokuja baadaye, sawa na mhariri anayefuta maandishi ya pambizoni kwa kuwa si ya mtunzi.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linaendelea. Magari ya kifamilia yaliyo mazima huvunjwa ili chesisi zake zitumike kuundia nakala za magari machache ya mashindano ya wakati ule, kwa sababu nakala hizo huvutia wanunuzi. Matokeo yake ni kwamba gari la mwalimu na la karani, ambalo ndilo lililobeba maana ya Austin Seven, linapungua, huku lile lililokuwa adimu likionekana kuwa la kawaida. Hapo fundi, hata awe stadi namna gani, anaunda uongo unaopendeza.

Hapa Kenya, mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yamewazoesha watazamaji kulipenda gari la kale linalong'aa. Mng'ao si dhambi. Lakini gari lililofifia rangi, lenye ngozi ya viti iliyopasuka kwa kukaliwa, lina ushahidi ambao rangi mpya haiwezi kuurudisha.

Pendekezo la istilahi

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza maneno yatengwe kwa kazi. Kutengeneza kuwe ni kulifanya gari litembee kwa usalama. Kuhifadhi kuwe ni kuzuia uharibifu bila kubadili kilichopo. Kurejesha kuwe ni kulirudishia gari sura ya kipindi fulani kwa kufuata ushahidi. Kuunda upya kuwe ni kutengeneza kisichokuwapo, hata kama kinafanana na cha zamani. Ukarabati ubaki kuwa jina la jumla. Lugha yetu ina mazoea ya kuhamisha maneno kwa busara: usukani ulikuwa wa chombo baharini kabla ya kuingia garini. Haitashindwa kuyatenganisha haya manne.

Hitimisho

Tumeona kwamba kufufua gari dogo la kale ni kazi ya kusoma, kupima na kuamua. Penye usalama, kama vile krenkishafti yenye ufa au chesisi iliyoliwa na kutu, upya hauepukiki, na wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Penye ushahidi usiodhuru mtu, mkono wa fundi na uzuiwe. Mwenye gari akiulizwa amelifanyia nini, asiridhike kusema amelikarabati. Aseme alichotengeneza, alichohifadhi, alichorejesha na alichounda upya, ili atakayelipokea baada yake ajue lipi ni la mwaka 1928 na lipi ni la jana.