Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Nyumbani kwa Fedha Kidogo

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, yaani mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo kutoka nje, na kwa muda mrefu kompyuta ikabaki kuwa chombo kilichoonekana na wachache. Hali hiyo imekwisha kupita. Siku hizi mwalimu wa Musoma au Bunda anaweza kununua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo, na mara nyingi mashine hizo ni imara kuliko sura zao zinavyoonyesha. Kasoro yao ni uzee. Mashine inapokuwa nzito na fedha ni chache, ni kipuri gani kinunuliwe kwanza?

Tuchukue mfano mmoja. Mwalimu wa sekondari anaishi Butiama. Anayo Dell OptiPlex 7010, aina iliyotoka mwaka 2012, ile ya kasha refu. Ndani yake mna kichakataji cha Core i3-3220, kumbukumbu ya muda (mafundi huiita ramu) ya gigabaiti 4, na diski inayozunguka. Huitumia kutunga mitihani na kujumlisha alama. Jioni watoto wake huitumia kusomea. Ikiwashwa, mtu anaweza kwenda kuinjika chai na kurudi kabla haijawa tayari. Ametenga shilingi 150,000, na muuzaji amemshauri anunue kadi ya michoro.

Kabla ya kutoa senti moja, afungue kasha. Vumbi la nchi kavu lingetosha kuwa adui, lakini wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria wanao pia wale wadudu wadogo wa ziwani ambao huvamia taa usiku kwa makundi. Mizoga yao huvutwa na feni na kukwama kati ya mapezi ya kipoza joto. Kichakataji kinapopata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo chenyewe ili kisiungue. Kwa hiyo mashine chafu huonekana kama mashine dhaifu. Brashi laini na subira ni tiba isiyo na gharama. Kadhalika, ikiwa saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme unapokatika, kinachohitajika ni betri ndogo ya duara ya volti 3 iitwayo CR2032, wala si ubao mpya.

Hatua ya pili ni kupima. Katika Windows, bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litakalofunguka linaonyesha jinsi kichakataji, kumbukumbu na diski vinavyotumika. Fungua kazi zako za kila siku, kisha utazame. Katika mashine nyingi za umri huu, diski ndiyo itakayokuwa imefikia asilimia 100 huku kichakataji kikipumzika.

Sababu yake ni ya kimekanika, na wanafunzi wa fizikia wanaweza kuikokotoa wenyewe. Diski ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, na kwa wastani sindano husubiri nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2, mpaka taarifa inayotafutwa ipite chini yake. Ongeza takriban milisekunde 9 za sindano yenyewe kusogea hadi mahali pake. Jumla ni kama milisekunde 13 kwa kila kipande cha taarifa. Tuseme mfumo unapowaka unahitaji vipande 3,000 vilivyotawanyika: hizo ni sekunde 39 za kutafuta tu. Diski ya chipu, yaani SSD, haina kitu kinachozunguka. Hutumia kiasi cha milisekunde 0.1 au pungufu, na kazi ile ile ikaisha kwa sehemu ya tatu ya sekunde moja. Hakuna kipuri kingine kitakachomletea mwalimu wetu tofauti kubwa namna hii. Diski ya SATA ya inchi 2.5, yenye GB 240 au 256, inatosha. Ainunue mpya, kwa maana chipu za diski huchakaa kwa kuandikwa, na uchakavu huo hauonekani kwa macho.

Kipuri cha pili ni ramu. Gigabaiti 4 zikijaa, mfumo huanza kutumia diski kana kwamba ni kumbukumbu, na tumekwisha kuona jinsi diski inayozunguka ilivyo polepole. Nane zinafaa kwa maandishi, majedwali na intaneti. Lakini angalia: mfumo wa biti 32 unaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 tu (2 kwa kipeo cha 32), yaani GB 4. Mwenye mfumo huo hatafaidika na ramu aliyoongeza mpaka aweke mfumo wa biti 64.

Hapa ndipo makosa hutokea. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua ramu mjini, akapanda gari kurudi nyumbani kwa furaha, kisha akakuta haiingii. Alikuwa amepewa DDR4, na ubao wake ulitaka DDR3. Ya kwanza ina pini 288 na hutumia volti 1.2, ya pili ina pini 240 na hutumia volti 1.5, kijipengo cha kati nacho hakiko mahali pamoja. Nauli ilipotea mara mbili. Tangu siku hiyo huchomoa ramu ya zamani na kwenda nayo dukani mfukoni, imefungwa vizuri, na kuiweka kando ya ile mpya kabla ya kulipa. OptiPlex 7010 hutaka DDR3. Vipande viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja, kwani kichakataji huvisoma kwa pamoja.

Je, kichakataji chenyewe? Soketi ya mashine hii ni LGA 1155. Core i5-3470 huingia humo bila matata na ina viini vinne badala ya viwili, ingawa hula hadi wati 77 badala ya 55. Ni ununuzi wa haki kwa mtu anayehariri picha za video. Kwa alama za mitihani ni anasa. Kadi ya michoro aliyoshauriwa ni anasa zaidi, na huenda ikahitaji kisambaza umeme kikubwa zaidi. Katika baadhi ya Dell za baadaye, kama 9020, kiunganishi kikuu cha umeme kina pini 8 badala ya 24 za kawaida, hata kisambaza umeme cha dukani kisiweze kuingia.

Kuna jambo ambalo kipuri hakiliponyi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 hukubali rasmi vichakataji vya Intel vya kizazi cha nane na kuendelea. Core i3-3220 ni cha kizazi cha tatu. Maoni yangu ni kwamba mwalimu huyu aweke Linux Mint, ambayo haina malipo, pamoja na LibreOffice, ambayo hufungua majedwali yake ya Excel.

Fedha ikibaki, aiweke kwa UPS. Betri yake ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwa maandishi. Ikitolewa umeme kwa haraka, na hasara ya ugeuzaji ikihesabiwa, hupatikana kama nusu tu. Kompyuta na kioo chake vikila wati 80, hiyo ni takriban nusu saa: muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima.

Kabla ya kubadili diski, alama zote zinakiliwe kwanza mahali pengine. Umeme uchomolewe ukutani, na mkono uguse chuma cha kasha kuondoa umemetuamo. Ile diski ya zamani, ikiwa haitoi mlio wa kugongagonga, itiwe katika kasha la USB na kutunza nakala za mitihani, ikae chumba kingine.